Pajama ya Kaskazi kwa Doti Moja ya Khanga

Mama alinikuta nimeinama sakafuni, mkasi mkononi, khanga mpya imetandazwa mbele yangu. "Khanga nzima unaikata? Si ungesema nikupe shuka!" Kwa mtu aliyezoea kuweka doti kabatini zikisubiri harusi au msiba, kukata khanga ni sawa na kuchana noti. Nilimwelewa. Lakini ilikuwa Januari, Dar es Salaam, kaskazi imeshika, mchana digrii 32 na usiku haishuki sana chini ya 25, jasho halikauki kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Gauni la kulalia la sateni nililonunua dukani lilikuwa linaninata mgongoni kama plasta. Umeme ukikatika na feni ikasimama, nalivua kabisa. Wiki iliyofuata mama aliniuliza kama naweza kumshonea na yeye.

Neno pajama lenyewe limetoka Uajemi likapitia India: pai ni mguu, jama ni vazi. Lilikuwa suruali pana ya kamba kiunoni, vazi la watu wa nchi zenye joto. Kwa hiyo pajama nyepesi ya pamba, pana, isiyobana popote, ndiyo pajama ya asili. Hii ya sateni yenye kola na mikono mirefu ni ya watu wenye baridi.

Hapa naeleza jinsi ninavyotoa kaptula na shati la mikono mifupi kutoka kwenye doti moja, na kipande kinachobaki kinatosha foronya. Ukijua kuendesha cherehani kwenye mstari ulionyooka, unaweza. Jioni moja ya kukata na mbili za kushona.

Khanga ipi

Khanga moja huwa na urefu wa karibu sm 150 na kimo cha karibu sm 110, na doti ni mbili zilizoungana. Wa Mombasa mnaita leso, hesabu ni ileile. Nunua doti ambayo haijakatwa wala kupindwa ncha, kwa sababu kila sentimita itatumika.

Jambo la kwanza ni pamba. Siku hizi Kariakoo utakuta khanga za pamba tupu na khanga zilizochanganywa na polista zimepangwa rafu moja, na kwa kugusa tu unaweza kudanganyika, maana wanga wa kiwandani hufanya zote ziwe ngumu. Mimi huomba nivute uzi mmoja kwenye ncha iliyokatwa, nikauchoma kwa kiberiti nikishatoka nje. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka kama karatasi, na kinachobaki ni jivu laini linalopotea ukilisugua. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kishanga cheusi kigumu. Kikitokea kishanga, rudisha. Hiyo itakupikia jasho usiku kucha.

Angalia pia dhidi ya mwanga. Inua khanga mbele ya mlango. Ukiona mwanga sawasawa kama chujio la chai, ndiyo hiyo. Ukiona nene isiyopitisha kitu, hiyo ni nzuri kwa kufunga kiunoni lakini kwa kulala itakuelemea. Kitenge sikishauri kabisa, ni kizito na kingi kina nta. Popolini inafaa kama khanga hupendi, ila hutapata mapindo, na mapindo ndiyo yanayotupunguzia kazi hapa.

Khanga ya zamani je? Ni bora kuliko mpya. Imeshafuliwa mara nyingi, imelainika, haitarudi tena. Ila ile iliyobebea mtoto huwa imechoka katikati, hivyo ivute kwa mikono miwili sehemu mbalimbali. Ukisikia inalia kwa kuchanika, iache iendelee kuwa ya jikoni.

Na chagua picha zisizosimama. Korosho, maua yaliyosambaa, madoa, hayo yote sawa. Kuku, mnazi au nyumba havifai, kwa sababu upande mmoja tutaugeuza kichwa chini.

Kufua kwanza, hata kama una haraka

Pajama yangu ya kwanza kabisa niliishona kwenye khanga nyekundu na nyeusi iliyotoka dukani moja kwa moja. Asubuhi shuka langu jeupe lilikuwa na ramani ya waridi yenye umbo langu. Baada ya kuifua, kaptula ikapanda juu ya goti kwa vidole viwili zaidi.

Kwa hiyo: loweka usiku mzima kwenye maji ya kawaida, fua kwa sabuni, suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe. Khanga nyekundu inaweza kuchuja mara nne au tano. Wapo wanaotia chumvi. Mimi sijaona tofauti, lakini haidhuru. Anika kivulini, ipige pasi ikiwa bado na unyevu kidogo, kisha ndiyo upime. Usishangae ukikuta 150 imekuwa 146 na 110 imekuwa 107. Hesabu zangu zote hapa chini ni za khanga iliyosharudi.

Vifaa

Cherehani yoyote, ya mguu, ya mkono au ya umeme. Sindano namba 11 au 12, mpya, maana sindano butu huvuta nyuzi za khanga na kuacha vimistari. Uzi wa rangi ya pindo. Mpira wa kiuno wenye upana wa sm 2.5. Vifungo vinne vidogo bapa. Futi ya fundi, chaki, pini, magazeti ya zamani, gundi ya karatasi, na mkasi ambao hakuna mtu nyumbani anaukatia karatasi wala mifuko ya maziwa. Pasi ni kifaa cha kushonea kama cherehani yenyewe. Ukiiruka, kazi itaonekana ya haraka hata kama umechukua wiki.

Kupima

Vipimo vitano tu: kifua mahali kinapojaa, nyonga mahali zinapojaa, kiuno pale unapotaka mpira ukae, urefu wa shati kutoka begani karibu na shingo, na kimo cha msamba. Hiki cha mwisho ndicho watu hukosea. Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima, kisha pima ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti. Usipime ukiwa umesimama ukikisia.

Nitatumia mwili mmoja kama mfano: kifua 96, nyonga 98, kiuno 78, shati 64, kimo cha msamba 27. Wewe weka namba zako.

Patani ya kaptula

Kila mguu ni kipande kimoja, hakuna mshono wa pembeni. Mshono mmoja pungufu ni joto pungufu, na pia unalala kwa ubavu bila kuchomwa na kitu.

Bandika magazeti mpaka yatoshe. Chora mstatili. Upana wake ni nusu ya nyonga kuongeza 5, yaani 49 + 5 = 54. Urefu ni 51: sm 4 za kupitishia mpira, 30 za msamba (27 yako kuongeza 3 za kupumulia), 16 za paja, na 1 ya upindo. Ukitaka ndefu zaidi ongeza kwenye zile 16.

Upande wa kulia wa mstatili andika MBELE, wa kushoto andika NYUMA. Andika kweli, usijiamini. Kutoka juu shuka sm 34 uchore mstari wa kulala kukatiza mstatili. Huo ndio mstari wa msamba. Urefushe utoke nje ya mstatili: mbele kwa sm 5 (nyonga gawa kwa 20), nyuma kwa sm 10 (nyonga gawa kwa 10). Nyuma inazidi kwa sababu nyuma ndiko kwenye mwili wa kufunikwa.

Kutoka kwenye kila ncha teremsha mstari hadi chini, ukiuingiza ndani sm 1.5 unapofika mwisho.

Sasa juu. Upande wa mbele ingia ndani sm 1. Upande wa nyuma ingia ndani sm 3 halafu panda juu sm 3, na uunganishe nukta hizo mbili kwa mstari ulioinama. Huko kupanda kwa nyuma ndiko kunakofanya kaptula isishuke ukiinama au ukijikunja kitandani. Suruali nyingi za kushonwa nyumbani zinazoonyesha mgongo zimekosa sentimita hizo tatu.

Mwisho, pinda la msamba. Mbele, shuka kutoka nukta ya juu mpaka ubaki sm 8 kufika mstari wa msamba, kisha pinda taratibu kwenda kwenye ncha. Nyuma, fanya vivyo hivyo ukianza kupinda ukibakiza sm 9, na pinda liwe bapa zaidi, kama herufi J iliyochoka. Ongeza akiba ya mshono ya sm 1.5 kwenye pinda zote mbili na kwenye mistari miwili ya ndani ya mguu. Juu na chini usiongeze, zimo tayari.

Pima upana wa patani kwenye mstari wa msamba: 54 + 15 + 3 = 72. Miguu miwili ni 144, na khanga ina 146. Imeingia kwa kubanana kama abiria wa daladala, lakini imeingia. Kama nyonga zako zinazidi 100, miguu haitaenea upande mmoja. Kata mguu mmoja kwenye khanga ya kwanza na mwingine kwenye ya pili, na shati ulitafutie kitambaa kingine kinachooana.

Kabla ya kukata, chukua kaptula pana unayoipenda, ikunje mguu mmoja juu ya mwingine, ilaze juu ya patani. Pinda zikiwa zinafanana kwa umbo, endelea. Zikitofautiana mno, rudi kwenye kupima.

Jina litakaa wapi?

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu hapa ndipo khanga inatofautiana na vitambaa vingine vingi: inasema.

Pajama ile ya kwanza niliikata nikifikiria mapindo tu. Nikaweka pindo la chini kuwa upindo wa kaptula, nikaweka nyuma zote mbili katikati, nikakata. Khanga ilikuwa imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Sasa jina la khanga huandikwa katikati, juu kidogo ya pindo la chini, kiasi cha shibiri moja kutoka ukingoni. Hesabu mwenyewe: shibiri moja juu ya upindo wa kaptula ni wapi? Ni pale unapokalia. Kalio moja likapata "Japo sipati", la pili likapata "sikati", na neno "tamaa" likaishia kwenye mshono. Mkasi wangu ulipita pembeni tu ya "sikati". Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa kuvaa nyumbani si neno. Lakini khanga nyingi zinamtaja Mungu, nyingine zinamsema jirani, na hakuna anayetaka kuvikalia vyote viwili. Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu.

Kaptula inatoka kwenye khanga ya kwanza, upande wa juu, yaani pindo lililo mbali na jina. Pindo hilo ndilo linalokuwa upindo wa miguu. Ndiyo maana nimekataza picha zinazosimama, kwa kuwa kwenye kaptula zitakuwa kichwa chini. Nusu ya chini yenye jina inabaki nzima.

Shati linatoka kwenye khanga ya pili, upande wa chini, na jina linakaa zima mgongoni, chini ya kiuno kidogo. Pima jina kabla ya kununua. Likizidi sm 55 litakatwa kwenye mbavu, hivyo tafuta khanga yenye maneno machache.

Kukata kaptula

Tenganisha doti. Chukua khanga ya kwanza, ikunje katikati ncha kwa ncha, uso kwa uso, mapindo ya juu yakutane sawasawa. Shikiza kwa pini kila shibiri, hasa kwenye mapindo, kwa sababu yakipishana nusu sentimita hapa, miguu haitalingana mwishoni.

Laza patani: upande wa chini wa patani kwenye ukingo wa pindo la juu, NYUMA ielekee kwenye mkunjo, MBELE ielekee kwenye ncha. Zungushia chaki, ondoa gazeti, kata tabaka zote mbili pamoja. Mkasi uwe unatambaa juu ya meza, usiinue kitambaa. Tia alama ya chaki kwenye mgongo wa kila kipande, kwa sababu khanga rangi hupenya na uso na mgongo hufanana ukiwa na taa hafifu.

Kushona kaptula

Weka mshono wa urefu wa kawaida, karibu hatua kumi za sindano kwa inchi. Jaribu kwanza kwenye kibaki.

Kunja kila mguu uso kwa uso, ukutanishe mistari ya ndani ya paja, shona kwa sm 1.5. Sasa una mirija miwili. Piga mstari wa pili pembeni ya wa kwanza, punguza kitambaa kilichozidi, kisha zungusha zigizaga. Kama cherehani yako haina zigizaga, peleka kwa fundi wa jirani akupigie ovaloki, au uzungushie kwa mkono usiku ukisikiliza redio. Pasi.

Geuza mguu mmoja uso uje nje. Uingize ndani ya mguu mwingine ambao bado uko kinyume, ili uso utazamane na uso. Kutanisha mishono miwili ya paja, weka pini hapo kwanza, halafu panda nayo mbele na nyuma hadi kiunoni. Shona msamba wote mara moja, kama herufi U, kutoka kiuno cha mbele hadi kiuno cha nyuma. Rudia mstari juu ya pinda la chini, kwa sababu hapo ndipo kaptula huchanikia mtu akichuchumaa. Kata vijinafasi vidogo kwenye pinda, visifike kwenye uzi. Vuta mguu utoke. Ukiona kitu cha ajabu chenye matundu mawili yasiyoeleweka, umeshona mguu wa kulia kwa tundu la kiuno. Hutokea kwa kila mtu mara moja, fumua tu.

Kiunoni, kunja sm 1 upige pasi, kisha kunja tena sm 3, shona chini kabisa ya mkunjo ukizunguka, ukiacha nafasi ya sm 5 nyuma. Mpira: kiuno toa 5, yaani 73, ongeza 2 za kupishanisha. Kwa nguo ya kulala usiubane kama wa sketi ya kazini. Alama ya mpira ikibaki kwenye ngozi asubuhi, ni mfupi mno. Ufungie pini kubwa ya nepi, upenyeze, ncha nyingine ikiwa imeshikizwa kwa pini ili isikuponyoke ikaingia ndani. Pishanisha ncha, shona mraba, ziba tundu. Shona wima mstari mfupi kupita juu ya mpira hapo nyuma katikati: unazuia mpira kujipindua, na gizani utajua nyuma ni wapi kwa kupapasa.

Miguuni kunja sm 1 mara moja tu. Ukingo wa khanga ni wa kiwandani, haufumuki, ndiyo faida ya kukata pindoni. Shona, piga pasi, kaptula imekwisha.

Shati

Hili ni sehemu ninayoipenda, kwa sababu khanga inajipanga yenyewe. Tandaza khanga ya pili tabaka moja, uso juu, jina likisomeka. Katikati yake ni mgongo wa shati. Ncha zake mbili za pembeni ni vipande viwili vya mbele, na yale mapindo ya pembeni yatateremka kifuani kila upande wa vifungo kana kwamba yalichapwa kwa ajili hiyo. Pindo la chini linazunguka chini ya shati lote. Pindo la juu litakuwa mikono.

Mgongo: nusu ya kifua 48, ongeza 8 za ulegevu, ongeza 3 za akiba, jumla 59. Katikati ya jina iwe katikati ya kipande. Urefu 64 kutoka ukingo wa chini, ongeza 2.5 za bega na upindo. Mbele, kila kipande: 28, ongeza 1.5 ya ubavu, 1.5 ya kupishania vifungo, na 4 za kukunja ndani, jumla 35, ikipimwa kutoka ncha ya khanga. Vyote vitatu ni 129, kwa hiyo kuna nafasi ya kujitanua.

Mabega yateremke sm 3 kutoka shingoni hadi ncha. Shingo ya nyuma: sm 8 kila upande wa katikati, kina 2. Shingo ya mbele, pima 8 hizo kuanzia mstari wa katikati ya kifua, si kuanzia ukingo wa kitambaa. Mstari huo uko sm 5.5 ndani ya ncha. Kina sm 10, duara au umbo la V upendavyo. Anza na shingo ndogo. Shingo inaongezwa kwa mkasi, haipunguzwi.

Kwapa halina pinda. Bega linadondoka lenyewe, na hewa inapita. Mikono ni mistatili miwili kutoka pindo la juu: upana 49, kimo 20. Hapo tundu la mkono litakuwa sm 23 kwenda chini kutoka begani, weka alama ya chaki mbele na nyuma.

Mpangilio wa kushona ni huu, na usiubadilishe. Kwanza kingo za mbele: kunja sm 1, pasi, kunja 3, pasi, shona. Pili mabega. Tatu shingo: kata ukanda wa upana wa sm 3.5 kwa mshazari kutoka kwenye vibaki, unganisha upate sm 65 hivi. Lazima mshazari, maana uliokatwa moja kwa moja haukubali kuzunguka, utasimama kama kola ya kasisi. Ushone uso kwa uso na shingo kwa sm 0.7, ukunje kwenda ndani, ufiche ncha, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono kwanza, kisha cherehani. Nne mikono: tandaza shati likiwa bado wazi mbavuni, katikati ya mkono kwenye mshono wa bega, shona moja kwa moja kutoka alama hadi alama. Tano mbavu: kutoka ncha ya mkono, kwapani, hadi chini, kwa mkupuo mmoja.

Mbavu ndiko ninakotumia mshono wa mara mbili, kwa sababu unakutana na ngozi usiku mzima. Weka mgongo wa kitambaa kwa mgongo, shona kwa sm 0.6, punguza hadi 0.3, geuza, piga pasi, shona tena upande wa ndani kwa sm 0.9. Nyuzi zote zinafungiwa humo ndani, hakuna kinachowasha. Kwapani kata kijinafasi kabla ya kugeuza, la sivyo patavuta. Chini kunja sm 1, mikononi vilevile.

Vifungo: cha juu sm 2 chini ya shingo, vingine kila sm 13. Matundu ya vifungo ukiyaogopa, pishanisha mbele mbili, zishone pamoja kuanzia chini ya kifua hadi chini, acha wazi kwa juu, kisha ushone vifungo kwa urembo tu. Shati ni pana, litapita kichwani. Nusu ya pajama zangu ziko hivyo na hakuna aliyegundua.

Mfuko? Nilikuwa naweka. Nikawa nalalia simu.

Kilichobaki

Ile nusu ya khanga ya kwanza yenye jina ina urefu wa 146 na kimo cha 53 hivi. Pinda ncha mbili za pembeni. Ilaze uso juu, kunja ncha zote mbili zije katikati zipishane kwa kadiri ya vidole vitatu, na upana wa mkunjo mzima uwe 70. Shona juu na chini, geuza. Jina linakaa zima usoni mwa foronya, mto unaingia kupitia nyuma, hakuna kifungo. Ile ya mama imeandikwa WEMA HAUOZI, na ameniambia khanga zake nyingine nisiziguse.